Ampi ndogo ya gitaa imegoma: jinsi ya kutafuta hitilafu ilipo

Ampi nyingi ndogo za gitaa ninazoletewa huja na maelezo yaleyale: "Imeungua." Nikifungua, nakuta soketi imelegea, lehemu imepasuka, au waya wa spika umechomoka. Aisi (kile kipande cheusi chenye miguu kadhaa na saketi nzima ndani yake) iliyoungua kweli nakutana nayo, lakini si mara nyingi kama watu wanavyodhani. Inaniuma kuona ampi nzima imetupwa, au imebadilishwa aisi mara mbili, kwa ajili ya kiungo kimoja ambacho kingerudishwa kwa sekunde tatu za pasi ya kulehemu. Kwa hiyo hapa nafuata dalili. Ukiisikiliza ampi kwa mpangilio, yenyewe inakuonyesha sauti inakatikia wapi.

Nazungumzia ampi za transista za wati 10 hadi 30 hivi, pamoja na zile ndogo kabisa za betri. Kwa ndani, zile za kuchomeka ukutani zinafanana sana. Kuna transfoma, daraja la diodi nne linalogeuza umeme wa AC kuwa DC, kapasita mbili kubwa za kuchuja umeme, kisha priampi, yaani sehemu ya kwanza inayokuza sauti dhaifu ya gitaa, yenye aisi moja au mbili za miguu minane (TL072 na 4558 ndizo za kawaida). Mwisho ni sehemu ya nguvu, ambayo mara nyingi ni aisi moja ya miguu mitano kama TDA2030, TDA2050 au LM1875, iliyofungwa kwenye bati la kupoozea. Sauti huingia kwenye soketi, ikapita priampi, ikapita kwenye volyumu, ikaingia sehemu ya nguvu, ikatokea kwenye spika. Hiyo ndiyo njia utakayoifuata.

Kabla hujafungua

Kuzima swichi hakutoshi; chomoa plagi ukutani. Ampi ikiwa imezimwa lakini imechomekwa, umeme mkuu bado umefika kwenye fyuzi na kwenye mguu mmoja wa swichi, na vitu hivyo viwili viko palepale mkono wako utakapopita. Ukishachomoa, kapasita kubwa bado zina chaji. Zimalize kwa rezista ya omu 100 hadi 470 ya wati 5, ukiigusisha kwenye miguu miwili ya kapasita kwa sekunde kadhaa, halafu hakikisha kwa mita kwamba volti zimeshuka hadi karibu sifuri. Usiguse miguu hiyo kwa bisibisi. Cheche yake inakula bodi.

Waya wa ethi haukatwi, hata kama mtu amekuambia kwamba kuukata kunaondoa mvumo. Ethi ndiyo inayokulinda siku ambayo waya wa umeme mkuu utagusa chesisi, yaani fremu ya chuma ya ampi. Kumbuka pia kwamba nyuzi za gitaa lako zimeunganishwa na chesisi hiyo kupitia kebo.

Kabla ya kuondoa skrubu hata moja, kuna majaribio ya nje. Badilisha kebo. Badilisha gitaa. Kama ampi ina soketi ya hedifoni, sikiliza huko. Kama ina soketi ya AUX ya kuchomekea simu, piga muziki kupitia hapo. AUX kwa kawaida huingia baada ya sehemu kubwa ya priampi, kwa hiyo simu ikisikika vizuri na gitaa lisisikike, umeshajua kwamba umeme, sehemu ya nguvu na spika ni vizima. Jaribio hilo la dakika moja limekuondolea nusu ya kazi.

Haiwaki kabisa

Taa haiwaki, hakuna hata mvumo. Anza na waya wa umeme wenyewe, hasa pale unapokunjika karibu na plagi. Halafu toa fyuzi na uipime kwa mita. Usiamini macho, kwa sababu fyuzi inaweza kukatika ndani ya kofia ya chuma ambako huoni.

Fyuzi ikiwa nzima, pima transfoma. Ampi ikiwa imechomolewa na swichi imewashwa, weka mita kwenye pini za laivu na nyutro za plagi, si ile ya ethi. Kwenye ampi ndogo utaona makumi ya omu, wakati mwingine mia na kitu. Usipoona chochote, njia imekatika ama kwenye swichi, ama kwenye kishikio cha fyuzi, ama ndani ya transfoma. Transfoma nyingi ndogo zina fyuzi ya joto iliyofichwa chini ya utepe wa nje wa waya wa kwanza, ule unaopokea umeme wa ukutani. Ikishakatika hairudi. Mafundi wengine huiruka kwa waya ili transfoma iendelee kufanya kazi. Mimi sikubali kufanya hivyo: ilikatika kwa sababu transfoma ilipata joto kali, na ukiiondoa hakuna kingine cha kuzuia moto. Badilisha transfoma, au angalau weka fyuzi ya joto ya kiwango kilekile mahali palepale.

Fyuzi inaungua kila unapoweka mpya

Hapa wengi hukosea kwa kuweka fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi ya miliampea 500 ikiungua, ukaweka ya ampea 3, kitakachoungua safari hii ni transfoma.

Tengeneza taa ya majaribio. Chukua balbu ya uzi, ile ya zamani inayotoa joto, ya wati 40 au 60, uiunge kwa mfuatano kwenye waya wa laivu unaokwenda kwenye ampi, ndani ya kishikio kilichofunikwa vizuri. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, maana tunachokitaka ni uzi unaoongeza ukinzani wake unapopata moto. Washa ampi kupitia balbu hiyo. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Ikibaki inang'aa kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imebeba mzigo ambao ungeua vifaa vyako.

Sasa gawanya. Tenganisha waya za transfoma zinazokwenda kwenye daraja la diodi. Balbu ikiendelea kung'aa, shoti iko upande wa transfoma. Ikizimika, shoti iko mbele. Ampi ikiwa imechomolewa, pima kila diodi pande zote mbili. Diodi nzima ya silikoni huonyesha karibu volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na upande wa pili haionyeshi kitu. Inayoonyesha sifuri pande zote imekufa. Diodi zikiwa nzima, nenda kwenye aisi ya nguvu. TDA2030, TDA2050 na LM1875 zina mpangilio mmoja wa miguu: 1 na 2 ni za kuingiza, 3 ni umeme hasi, 4 ndiyo inayotoa sauti, 5 ni umeme chanya. Pima kati ya 4 na 3, kisha 4 na 5. Ukikuta karibu omu sifuri popote hapo, hiyo ndiyo maiti uliyokuwa unaitafuta.

Inawaka lakini kimya kabisa

Hii ndiyo dalili ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu mara nyingi dawa yake ni nyepesi.

Weka sikio karibu na spika ukiwasha. Je, kuna "tup" ndogo? Je, volyumu ikiwa juu kuna sauti ya "shhh" kwa mbali? Ikiwepo, spika na sehemu ya nguvu zina uhai, na tatizo liko nyuma yake, upande wa priampi au soketi. Isipokuwepo kabisa, anza na spika.

Chomoa waya za spika uipime. Spika ya omu 8 husoma kama 6 au 7 kwenye mita. Ya omu 4 husoma 3 na kitu. Hiyo ni kawaida, usidhani imepungua. Isiposoma chochote, waya wake wa ndani umekatika. Jaribio la pili ni betri ya volti 1.5: gusisha waya mara moja tu, spika nzima itasema "tak" na karatasi yake itaruka kidogo.

Spika ikiwa nzima, angalia soketi ya hedifoni. Ndani yake kuna vibao vidogo vya shaba vinavyogusana wakati hakuna kitu kilichochomekwa, na sauti ya spika hupita hapo. Ukichomeka hedifoni, plagi inavitenganisha na spika inanyamaza. Vibao hivyo vikipata kutu, ampi inaamini kwamba hedifoni imechomekwa wakati haimo. Dalili yake ni wazi: hedifoni inasikika, spika haisikiki. Chomeka na kuchomoa plagi mara kumi au kumi na tano. Ikirudi hata kwa sekunde, umempata mwizi. Safisha kwa dawa ya kupulizia ya vifaa vya umeme, na vikiwa vimelegea kabisa badilisha soketi. Kama ampi yako ina soketi za kupeleka na kurudisha sauti kwa ajili ya efekti, nazo zina vibao vya namna hiyohiyo na ugonjwa ni uleule.

Baada ya hapo pima umeme. Mita ikiwa kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye ethi ya bodi (sehemu yake ya volti sifuri), gusa miguu ya kapasita mbili kubwa. Utakuta chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, mara nyingi kati ya volti 15 na 25, na pande mbili zikiwa karibu sawa. Transfoma inayotoa volti 15 kila upande, kwa mfano, huleta karibu 20 baada ya diodi. Upande mmoja ukikosekana, usiilaumu aisi kwanza. Fuata njia ya nyuma hadi diodi, lehemu ya mguu wa kapasita, na waya za transfoma.

Kisha pima umeme wa priampi. Umeme mkubwa hupunguzwa hadi volti 12 au 15 kila upande kwa rezista na diodi ya zena, ile inayoshikilia volti zisipande. Rezista hizo mbili huchemka muda wote ampi inapowaka, miaka na miaka, mpaka bodi chini yake inageuka rangi ya kahawia. Lehemu yake hukauka na kupasuka. Nimeona ampi zilizokuwa kimya kabisa, au zenye sauti iliyopasuka vibaya, ambazo hazikuhitaji chochote zaidi ya lehemu mpya kwenye rezista hizo. Nikizilehemu, naziinua milimita chache juu ya bodi ili hewa ipite chini yake.

Kwenye TL072 au 4558 yenyewe, mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi, na miguu ya 1 na 7 ndiyo inayotoa sauti. Kwa saketi nyingi za ampi zenye umeme wa pande mbili, miguu ya 1 na 7 inatakiwa kukaa karibu na volti sifuri. Ukikuta mmoja umekwama karibu na volti 13 au 14, chanya au hasi, na umeme wa pande zote upo, aisi hiyo imekufa.

Inavuma

Mvumo una sababu nyingi, lakini sikio la mpiga gitaa lina faida hapa. Mvumo unaotokana na kebo mbovu au ethi iliyokatika hufuata masafa ya umeme wenyewe, Hz 50 au 60 kulingana na nchi. Mvumo wa kapasita za kuchuja zilizochoka ni mara mbili ya hapo, yaani 100 au 120, kwa sababu daraja la diodi linakunja mawimbi yote upande mmoja. Piga freti ya 3 kwenye uzi mnene wa E: hiyo ni G ya Hz 98, karibu kabisa na 100. Mvumo ukifanana na noti hiyo mahali penye umeme wa Hz 50, shuku kapasita. Kwenye umeme wa Hz 60, noti ya 120 iko kati ya freti ya 1 na ya 2 za uzi wa A. Ukiusikia mvumo oktavu moja chini ya hapo, shuku kebo, ethi, au gitaa lenyewe. Spika ndogo haitoi vizuri masafa ya chini hivyo, kwa hiyo sikiliza kwa makini, na ikiwezekana tumia hedifoni nzuri.

Jaribio la pili ni volyumu. Ishushe hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, unaingia baada ya volyumu: kapasita kubwa, daraja, au ethi ya sehemu ya nguvu. Ukitoweka, unatoka priampi, soketi, kebo au gitaa. Jaribio hili nalitumia kwa karibu kila kelele, si mvumo tu. Volyumu inaikata ampi katikati kama kisu.

Mvumo unaosikika wakati hakuna kilichochomekwa, ukatoweka ukichomeka gitaa na kushusha volyumu yake, huo ni wa soketi ya gitaa. Soketi nyingi zina kibao kinachofunga njia ya kuingilia kwenye ethi pasipokuwa na plagi. Kikilegea, mlango unabaki wazi na ampi inakusanya kila kelele ya chumbani. Na ukigusa nyuzi za gitaa mvumo ukapungua, ethi ya ampi iko sawa. Gitaa ndilo linalokusanya kelele, hasa lenye pikapu za koili moja. Sogea mbali na transfoma ya ampi, ugeuke kidogo, utasikia tofauti.

Kapasita zilizochoka huvimba juu, au huvuja maji ya kahawia mguuni. Zisizovimba nazo zinaweza kuwa zimekauka. Weka mpya yenye maikrofaradi sawa au zaidi kidogo, na volti zisizopungua za awali. Angalia mstari wa hasi mara mbili kabla ya kulehemu. Kapasita iliyogeuzwa hulipuka.

Inachakacha, inakatika, inarudi ukiipiga kofi

Ampi inayorudi ukiipiga kofi ina kiungo kilicholegea. Swali ni kipi.

Ngoja nieleze ninavyokitafuta, kwa sababu hapa ndipo macho na subira vinashinda mita. Nalaza ampi ikiwa imechomolewa, natoa bodi, naleta taa kali ya pembeni na lenzi ya kukuza. Naanza na soketi ya gitaa. Kila plagi inayoingia huisukuma, kila mguu unaojikwaa kwenye kebo huivuta, na nguvu hiyo yote huishia kwenye miguu mitatu au minne ya lehemu. Kiungo kizima kinang'aa na kina mteremko laini kutoka mguuni hadi kwenye bodi. Kilichopasuka kina duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, jembamba kama unywele, na ukisukuma soketi kwa kidole gumba utaona mguu unapanda na kushuka ndani ya duara hilo huku lehemu imetulia. Ukishaliona mara moja, hutalisahau. Baada ya soketi naangalia potensiomita (vile vya kuzungusha vya volyumu na toni), halafu miguu ya aisi ya nguvu, halafu kapasita kubwa, kwa kufuata uzito na joto.

Usiiguseguse tu lehemu ya zamani kwa pasi. Ivute itoke, safisha, weka mpya. Tangu Umoja wa Ulaya ulipoanza kuzuia risasi kwenye vifaa vya umeme, tarehe 1 Julai 2006, ampi nyingi zimelehemiwa kwa bati lisilo na risasi. Lehemu hiyo huyeyuka karibu nyuzi joto 217, wakati ile ya bati na risasi huanza kulainika kwenye 183. Pasi dhaifu inaifanya ionekane imeyeyuka wakati ndani bado haijashika. Pasi ya nyuzi 350 hivi, yenye ncha safi, inatosha.

Kama macho hayakuona kitu, washa ampi kwa uangalifu, volyumu iwe chini ya nusu, na ugonge bodi taratibu kwa kijiti kikavu cha mbao, mbali na upande wa umeme mkuu. Mkono wa pili uweke mfukoni. Pale kelele inapojibu kijiti, umefika karibu.

Kuchakacha kunakotokea tu unapozungusha volyumu au toni ni jambo jingine. Kwa kawaida ni vumbi ndani ya potensiomita. Pulizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye tundu lake dogo, zungusha mara ishirini, acha ikauke. Mafuta ya kulainisha bawaba za mlango usiyatumie. Yanakusanya vumbi jipya na mengine yanakula plastiki. Ukisafisha mara mbili na mkwaruzo ukabaki palepale, pima volti za DC kati ya miguu miwili ya nje ya potensiomita. Inatakiwa iwe milivolti chache. Ukikuta sehemu ya kumi ya volti au zaidi, potensiomita haina kosa: kapasita iliyo kabla yake inavujisha DC, na ndiyo ya kubadilisha.

Inaanza vizuri, baada ya nusu saa inanyamaza

Hili ni joto. Aisi za nguvu nilizozitaja zina kinga ya ndani inayozima sauti zikichemka mno, kisha zinarudi zikipoa. Ampi ikinyamaza, ichomoe kisha iguse bati la kupoozea. Likiwa la moto sana, tafuta linachochemkia. Likiwa la uvuguvugu tu huku aisi yenyewe ikiwa ya moto, joto halipiti: skrubu imelegea au grisi nyeupe ya joto imekauka ikawa unga. Ifute yote, paka mpya kidogo tu, kaza.

Sababu nyingine ni spika isiyofaa. Ampi iliyotengenezwa kwa omu 8 ukiipa 4, inalazimika kutoa mkondo karibu mara mbili. Soma maandishi ya nyuma ya ampi.

Na kuna hali moja ambayo watu hawaitazami: aisi inachemka hata bila kupiga gitaa, na sauti ina unyoya wa kukwaruza pembeni mwa kila noti. Sehemu ya nguvu inatetemeka kwa masafa ya juu ambayo sikio haliyasikii. Kwenye waya wa kutolea sauti kuna rezista ya omu 1 hivi na kapasita ndogo ya maikrofaradi 0.1 au 0.22 zinazokwenda ethi, kazi yake ni kutuliza mtetemo huo. Rezista ikiwa nyeusi au imekatika, hapo pana jibu. Badilisha vyote viwili.

Bati likiwa la baridi na bado sauti inakatika baada ya muda, rudi kwenye viungo vya lehemu. Joto linatanua mguu, ufa unafunguka. Peperusha hewa ya moto ya kukaushia nywele upande mmoja wa bodi, kisha mwingine, uone ni wapi inakatikia.

Sauti imepasuka au imekuwa nyembamba

Unga spika nyingine kwanza. Ikisikika safi, kosa ni la spika. Sukuma karatasi ya spika ya zamani kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote, kwa upole. Ukisikia mkwaruzo kama mchanga, koili inasugua sumaku. Mchaniko mdogo wa karatasi unazibika kwa karatasi laini na gundi isiyokauka ngumu. Koili inayosugua haitengenezeki kirahisi, nunua spika.

Ikipasuka hata kwa spika nzima, na hata volyumu ikiwa chini, pima umeme wa priampi kama nilivyoeleza. Upande mmoja ukikosekana, nusu ya kila wimbi inakatwa. Ikisikika nyembamba bila besi kwenye ampi yenye umeme wa upande mmoja tu, angalia kapasita kubwa iliyo kati ya aisi na spika; imekauka. Na ikitoa "puta-puta-puta" kama injini ya boti, kapasita ya kutuliza umeme wa priampi imechoka.

Ampi za betri mara nyingi hutumia LM386. Betri ya volti 9 ikishuka, sauti hupasuka mapema kuliko taa kufifia, kwa hiyo pima betri huku ampi inapigwa. Mguu wa 6 ni umeme, wa 4 ni ethi, na wa 5, unaotoa sauti, unatakiwa kukaa kwenye nusu ya umeme, kama 4.5. Nyingi huwashwa na plagi ya gitaa yenyewe, kwa hiyo kebo ikiachwa ndani usiku betri inakwisha. Adapta nazo ziangalie: nyingi za vifaa vya gitaa zina hasi katikati, na adapta yenye chanya katikati inaweza kuiua aisi papo hapo.

Ukilazimika kubadilisha aisi ya nguvu

Mgongo wa chuma wa TDA2030 na wenzake umeungana na mguu wa 3, ambao ni umeme hasi. Kwenye ampi za umeme wa pande mbili, kati ya mgongo huo na bati kuna kipande chembamba cha maika au silikoni cha kuzuia umeme usipite, na skrubu ina kola ya plastiki. Visipotee. Ukishafunga, kabla ya kuwasha, pima kati ya mgongo wa aisi na chesisi: mita isilie. Nunua kwa muuzaji unayemwamini, kwani aisi hizi zina bandia nyingi, hata zenye maandishi mazuri.

Usiunge waya hasi wa spika kwenye chesisi kwa kudhani ni kitu kimoja. Katika ampi nyingi za gitaa waya huo hupita kwanza kwenye rezista ndogo isiyofika omu 1, ambayo inasaidia kuipa ampi tabia yake ya sauti. Unga spika palepale ilipokuwa.

Washa kupitia balbu, spika ikiwa imechomolewa. Pima DC kati ya waya mbili za spika. Milivolti 50 au pungufu ni nzuri. Ukiona volti kadhaa, zima. Spika ikiungwa hapo koili itaungua. Angalia tena umeme wa pande zote mbili, kisha lehemu zako. DC ikitulia, ondoa balbu, unga spika, piga kwa nusu saa kwa sauti unayoitumia kila siku, kisha pima DC mara ya pili ampi ikiwa ya moto. Namba ikiwa ileile, rudisha skrubu.